Mashine Mbili za Ruhaza

Ruhaza aliziweka mezani kwangu,
kati ya cherehani na kopo la grisi.
"Wewe unajua nyuzi," akasema, "nichagulie."
Mimi, fundi cherehani wa soko la Mwanga,
nisiyewahi kuvua hata dagaa wa kisado.

Moja ya dhahabu, inang'aa kama jino la bandia,
ubavuni imejisifia beringi kumi na mbili.
Nyingine nyeusi, imechubuka bega,
mpini wake umelainishwa na kiganja cha mtu
aliyeiuza, au aliyeiacha. Sikuuliza.

Zote zilitengenezwa kwa ajili ya bahari,
kwa samaki wanaopimwa kwa mizani ya magunia.
Zimekuja kwa treni, zimeviringishwa ndani ya shuka.
Lakini ziwa letu halina chumvi, Ruhaza.
"Lina kina," akajibu. "Lina sangara.
Na Jumatano nina mgeni."

Basi. Nikafumba macho, nikazungusha.
Aliyesikiliza cherehani miaka kumi na tisa
haambiwi kitu na kibandiko.
Ile ya dhahabu ilicheka, tititi, tititi,
kama mtu anayekubali kila unalosema.
Nikautikisa mkono wake: unacheza.
Leo unacheza, kesho ni jino la gia.
Ile nyeusi ilitoa neno moja, refu, la chini,
nilipoiachia ikanyamaza.

Siri ni breki.
Hata kwenye bobini, kiskrubu kile kidogo
ndicho kinachotawala mshono mzima:
kaza mno, uzi unakatika;
legeza, nguo inaota vinyweleo.
Kwa hiyo tukamwita Bukuru wa bodaboda,
tukafunga nailoni kwenye keria yake.
Teremka kama unakwenda stesheni, nikamwambia,
usigeuke nyuma, usipige honi.
Watu wakaacha kununua nyanya.

Ya dhahabu ilitoa uzi kwa kwikwi,
ikashika, ikaachia, ikashika, paa!
Bukuru akatokomea na mkia wa mita thelathini
na kuku mmoja aliyenaswa mguu
(tulimlipa mwenyewe, elfu mbili za usumbufu).
Nyeusi ilimtolea uzi kama unavyomkopesha shemeji:
humnyimi, humpi zote.
Alipofika kwenye kona pikipiki ilikuwa inakohoa.
Akasema alihisi mtu amemshika shati.

Ikabaki chumvi.
Nilinunua ya Uvinza, kilo mbili,
nikaikoroga ndooni mpaka yai likaelea,
nikazizamisha zote usiku kucha.
Misigaro akaamka, akauliza tunapika nini.
Asubuhi nikafungua skrubu sita na springi moja,
springi ikarukia chini ya kabati la jirani;
tuliitafuta kwa sumaku hadi saa nne.
Ndani ya nyeusi, grisi kama ilivyopakwa.
Ndani ya dhahabu, sahani ya breki
imeshaanza kuota ukoko wa kijani.

Ruhaza aliitazama ile nzuri kwa muda mrefu.
"Mgeni angeipenda hii," akasema.
Nikamwambia: aipigie picha.

Jumatano saa tisa simu ikaita.
Hakusema kitu. Upepo wa Bangwe,
maji yanapiga ubao, mtu anapumua kwa mdomo,
na nyuma yao neno lile moja,
refu, la chini,
linaendelea, linaendelea,
linashuka mahali ambapo mimi sijawahi kufika
hata kwa mawazo.

"Inakwisha!" akapiga kelele. "Uzi unakwisha!"

"Kaza robo," nikasema. "Robo tu, Ruhaza."

Mtandao ukakata.

Sketi ya sare ilikuwa bado chini ya sindano,
mwenye sketi amesimama, ana haraka.
Nilikuwa nimeinua mguu juu ya pedali,
na kidole gumba na cha shahada,
peke yao, hewani,
vilikuwa vinakaza kitu.