Wino Mweupe

Fomu ilikuja na mikunjo minne,
imefichwa ndani ya kofia ya mama
ili mvua ya Mabatini isiilambe.
"Msaada wa ada," akasema, akivua buti mlangoni,
"kwa askari wa akiba na familia zao.
Nafasi moja kila kaya. Moja tu, Kwandu."
Akaiweka mezani kama anayeweka yai.

Mama yangu, Nyamizi binti Lugembe, ni mgambo.
Nambari yake naijua kuliko siku yake ya kuzaliwa,
maana siku ya kuzaliwa hajawahi kuisherehekea,
nambari huitwa kila Jumamosi uwanjani
naye huitika.
Usiku hulinda maghala ya dagaa pale Mwaloni
kwa kirungu, filimbi, na tochi ya betri tatu,
moja kati yake daima ya kuazima.

Jirani hucheka: jeshi la akiba!
Akiba gani isiyo na kitabu cha benki?
Mama hujibu, akiba haiozi.
Mimi hunyamaza. Nimewahi kufungua gunia la akiba
mwezi wa nne, masika yamekaza,
nikawakuta dagaa wameota ndevu nyeupe.

Ofisi ya kata ilitaka barua, barua ikataka mhuri,
mhuri ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda msibani Magu.
Tulimngoja siku tatu kwenye benchi.
Karani akauliza kazi ya mzazi.
"Mgambo."
"Hiyo si kazi, mama, huo ni wito."
"Basi andika wito."
Akasimama mguu sawa mpaka kalamu ikaandika.

Usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, umeme ukakatika,
nikaishika fomu mbele ya tochi nihakiki majina.
Mwanga ukapenya.
Chini ya jina langu, chini ya wino mweupe wa kufutia
uliokauka kama mavi ya mnandi juu ya mawe,
palikuwa na jina jingine:
Nyamizi Lugembe. Umri, miaka arobaini na mitatu.
Kozi, astashahada ya sheria.
Herufi zimesimama wima, zimekaguliwa,
kila moja na buti zake.

Sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeniona nikiona.
Akakaa juu ya ndoo, akaanza kufungua
kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefungwa.
"Mwaka ule walitupanga mstari alfajiri
tukawaondoe akina mama wa nyanya barabarani.
Ofisa akasoma karatasi. Akaisoma haraka.
Mmoja wao nilimjua, alinikopesha sukari
ulipokuwa na surua.
Nikabeba meza yake. Nikaibeba vizuri, nisimwage.
Tangu siku ile nataka kuisoma karatasi ile polepole,
mwenyewe, mpaka chini kwenye sahihi."
Kisha akasema, "Lete chakula."

Sasa niko Malimbe, mwaka wa kwanza.
Ada imelipwa nusu. Nusu nyingine "inashughulikiwa",
neno lenye miguu mingi lisilotembea.
Ijumaa nashuka Kirumba na begi la madaftari,
nampelekea chai kwenye chupa, na mihadhara ya wiki.
Hukaa juu ya gunia, mgongo kwa ziwa,
tochi kaiegemeza begani
kama bunduki ambayo hajapewa,
akisoma kwa midomo.
Filimbi ya lindo la pili ikilia
huweka kidole kwenye mstari, huitika,
hurudi kwenye kidole.

Jumatatu, darasani, nakuta penseli yake pembezoni:
"Hapa umeruka."
"Neno taarifa. Siku ngapi?"
"Uliza."

Nainua mkono.
Nauliza.