Mwisho wa Mwezi

Redio ikataja vita tena.
Nakijwa akainua pasi, isije ikaunguza:
"Mathayo ishirini na nne. Si niliwaambia?"
Msabato huyo. Miaka ya Danieli anaihesabu
kama mimi vifungo.

Tumpale, mlokole wa Tabata, hana haja na hesabu.
"Sisi tutanyakuliwa kwanza, dada. Dhiki itawakuta nyinyi."
Namba ya mnyama kaiona
kwenye fomu ya kusajili laini,
ndiyo maana laini yake kasajili shemeji.

Mimi Mlutheri. Mchungaji wetu husema
mnyama yule alikuwa Kaisari, kafa zamani,
na hulisema haraka, kabla ya matangazo ya harambee.

Umeme ukakatika.
Cherehani ikazunguka kidogo, ikasimama.
Hakuna aliyemcheka mwenzake.
Tulitega masikio, wote watatu,
hata mimi.

Kisha jenereta la bucha likanguruma,
bibi harusi akachungulia mlangoni:
"Gauni langu vipi?"

"Ijumaa," akasema Nakijwa, "kabla jua halijazama."

Na Tumpale, anayeondoka saa yoyote,
akalamba ncha ya penseli,
akaandika daftarini: salio, elfu arobaini,
mwisho wa mwezi.