Ngege ni Ngege

Niliuliza mgahawa, fundi wa gereji pale Kibuye
akaninyooshea hoteli. Kwetu Mwanza hoteli ina vitanda.
Hii ina mabenchi manne, ndoo ya kunawia yenye bomba,
na kalenda ya duka la mbolea iliyogoma kuvuka Machi.

Nimekuja kutafuta pampu ya mashine ya kusaga.
Siku ya tatu leo. Pampu hakuna,
"ngoja kesho" ziko tele, za saizi zote.
Noti za hapa bado zinanitisha mfukoni:
kwetu mia mbili ni pipi, hapa watu wanaishikia foleni.

Dada mwenye aproni, *Akeyo* imetariziwa kifuani,
anataja vyakula kwa kasi ya mwalimu anayeita mahudhurio:
mbuta, ngege, omena, matumbo, aliya, osuga, ndengu.
Nimeshika matumbo tu.
"Naomba maji kwanza, dada yangu, samahani."
Jikoni wanaangua kicheko:
*anaomba, na pesa atatoa!*

"Na ngege ni nini?"

Benchi zima linageuka.
Kijana wa kuchomelea vyuma, miwani kaipandisha kipajini,
anaacha kutafuna.
"Ngege ni ngege," Akeyo anasema,
taratibu, kama anayemweleza mtoto kwamba maji ni maji.
Kisha ananihurumia. Ananivuta mkono hadi jikoni,
anafunua karai.

Sato!
Ndugu yangu sato, mgongo ule ule,
mapezi ya kitana kilichong'oka meno mawili,
mdomo wa mtu aliyekatizwa akitaka kusema.
Nani kakubatiza huku?
Mimi nimegongewa muhuri mpakani,
nimejaza fomu, nimeonyesha kadi ya manjano ya chanjo,
nimeulizwa nitarudi lini, nikasema Ijumaa,
na Ijumaa ndiyo hii.
Wewe umepita chini ya maji na magamba yako,
hakuna aliyekuuliza kabila la mama yako.

"Frai ama ya kuchemsha?"
"Ya kuchemsha. Nyanya nyingi."

Inakuja na ugali wa mtama uliochanganywa muhogo,
rangi ya udongo baada ya mvua,
na kabla sijamega, pua imeshafika Ukerewe
kwa bibi yangu Nyamisi, moshi, chungu chenye ufa,
yeye akinipiga kofi la mkono kwa kula bila kunawa.
Nanyanyuka. Nanawa tena.

"Hiyo kichwa usiache," ananionya wa miwani,
jina lake Ongaro, nimekuja kulijua baadaye.
Namsahihisha kimoyomoyo: *hicho.* Hicho kichwa.
Halafu namtazama anavyong'oa shavu la samaki wake
kwa kidole gumba, zima, bila kulimega,
mwiba hata mmoja haukulalamika,
nami nakitafuta kiburi changu cha ngeli
sijui kimeangukia wapi.

Baba alikuwa akianza na jicho.
Sikuwahi kumuuliza kwa nini.
Leo nimeanza na jicho.

"Mia tatu na hamsini."
Nazidisha kwa ishirini, namezea mate hesabu yenyewe.
Akeyo anasubiri, chenji kaificha nyuma ya kalenda.
"Ulimwitaje, huyo samaki?"
"Sato."
Analigeuza jina ulimini, analionja,
anatikisa kichwa: halina chumvi.

Jumamosi. Pampu, ngoja kesho.
Nimerudi benchi lile lile, Ongaro kanisogezea nafasi.
"Sato moja!" Akeyo anapaza sauti jikoni,
na jikoni kimya, sufuria zote zimesimama.
Anacheka hadi anafuta macho kwa aproni.
"Ngege imeisha, mgeni. Kuna omena."

Naiona pale kwenye sinia, dagaa wetu,
vile vile, macho elfu ya fedha,
wale wale tuliowaanika juani nikiwa mdogo nikifukuza kunguru.

"Omena," nauliza, "ni nini?"
nikalitazama benchi likigeuka.