Moto Huzaa Jivu

Nyuma ya mashine ya mpunga ya Shaame, pale Ole,
makapi yalikuwa mlima usio na mwenyewe.
Kuku walipekua, wakakata tamaa.
Masika yakayaozesha upande mmoja;
upande wa pili ulituingia machoni kila upepo ulipogeuka.
"Chukua," alisema Shaame, "na shukrani nitakupa."

Nikachukua. Magunia kumi na manne, gari la ng'ombe.
Pipa la mafuta nikalitoboa matundu kwa msumari,
nikawasha alfajiri, nikakesha nalo.
Makapi hayawaki, yanafuka tu,
kama mtu anayedaiwa na anasemea moyoni.
Mara ya kwanza moto ulikosa pumzi: jivu jeusi.
Mara ya pili niliuzidisha, likagandana.
Mara ya tatu likatoka la kijivu, linaelekea weupe,
laini, ukilishika wadhani hukushika kitu.

Baba yangu ni Fundi Mbarouk.
Saruji imemla mikono miaka arubaini,
vidole havina tena mistari;
mashine ya vitambulisho ilimkataa mara mbili,
akatoka anacheka, "Sijulikani!"
Aliitazama ndoo yangu.
Hakunitukana. Alisema tu,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei:
"Moto huzaa jivu."
Akarudi kwenye chai yake.
Watoto watano, na mimi peke yangu niliyeshika mwiko,
mimi wa kike.

Nikapima hata hivyo. Kwenye kila vikombe kumi vya saruji
nilitoa viwili, nikatia viwili vyangu.
Zege likadai maji, nikalinyima.
Nikaligeuza kwa chepe mpaka kiuno kikaniuliza jina langu.
Kalibu sita za mbao,
magunia mabichi juu yake,
na kopo la maji asubuhi na jioni, kama dozi.

Siku ya saba akaja na nyundo. Hakuna aliyemwita.
Pembe ikameguka.
"Hee," akasema, na hiyo "hee" nililala nayo.

Mama alikuwa akitoa kunde za mbegu chunguni,
akizipuliza jivu lililozilinda na wadudu.
"Miaka yote nasugulia masufuria yenu," alisema,
bila kuinua kichwa.
"Leo ndo mnajua lina kazi?"

Siku ya ishirini na nane nyundo ilidunda.
Akapiga tena.
Mkono ukamrudia hadi begani.
Akaligeuza tofali, akaligonga kwa kucha,
akaliweka sikioni kama nazi.

Birika la skuli limesimama nusu tangu Rajabu,
nondo zimeota kutu juani,
na mfuko wa saruji ukivuka bahari tu
unapanda bei.

Baba akakalia tofali langu,
uzito wake wote, polepole,
kama anayejaribu kiti cha ugenini.
Akakohoa.
"Kwa Shaame," akasema,
"kumebaki magunia mangapi?"