Kigawe Kidogo cha Shirika

Siku ile ya mgao, pale Mahuta, vidole vyetu bado vyeusi
kwa mafuta ya ganda la korosho, yasiyosikia sabuni wala majivu,
nilikaa na daftari gotini. Mhazini, darasa la saba.
Jumla ya msimu: 720,720.

Isomeni polepole, niliwaambia.
Mia saba na ishirini, halafu mia saba na ishirini tena,
kama mtu aliyeita ukingoni mwa bonde
na bonde likamrudishia.
Anayeitikia ni saba, kumi na moja na kumi na tatu:
zizidishe, utapata elfu moja na moja,
ambayo kazi yake ni kurudia ulichosema.

Tulikuwa wabanguaji kumi na sita.
Kila mmoja 45,045.
Anzia kulia, anzia kushoto, ni ileile.
Tungekuwa kumi na watano, ingegawanyika.
Kumi na watatu, kumi na mmoja, tisa,
hata ningebaki peke yangu na mzani.
Hakuna namba ndogo kuliko hii
inayowatosha wote, wa kwanza hadi wa kumi na sita,
bila kumega shilingi.
Shuleni tuliikariri: kigawe kidogo cha shirika,
wala hatukuuliza neno shirika linatafuta nini pale.

Ndipo Binasa akasimama mlangoni.
Alibangua nasi wiki sita, kisha akaugua.
Jina lake nililiandika kwa penseli.

Kumi na saba.
Nikagawa: 42,395, na tano zikabaki,
shilingi tano, hazinunui njiti ya kiberiti.
Vigawo vya namba ile ni mia mbili na arobaini
(nilivihesabu baadaye, usingizi uliponikataa);
kumi na saba haimo.
"Ni namba tasa," nikasema. Ndivyo vitabu vinavyoiita.
Nikaliona neno linavyomfika usoni.
Kijijini humwita hivyohivyo, na si kwa hesabu.

Sikupata ulimi wa kumwambia
kwamba saba nayo tasa, kumi na moja tasa,
kumi na tatu tasa,
na ndizo zilizoibeba jumla yetu yote.

Nikafuta. Nikaandika 18.
Ikaingia kama ufunguo: elfu arobaini na arobaini.
Mbili mara tisa, zote zimo humo tangu mwanzo.
"Na huyo wa kumi na nane ni nani?" akadakia Fadina Chitanda.
Kisanduku, nikasema.
Au yeyote atakayeugua msimu ujao.

Kila mmoja wa wale kumi na sita alipungukiwa 5,005.
Hiyo nayo husomeka pande zote mbili.
Fadina aliisoma upande wake,
na mpaka leo salamu yake kwangu ni nusu.

Binasa alilowesha kidole, akahesabu zake mara mbili.
Kisha akaniuliza
kama nina kalamu ya wino.