Mita Tatu Dakani

Nimepima kwa utepe wa fundi cherehani:
mita tatu, kutoka kitini hadi alama ya chaki.
Daka la nyumba hii ya Mkomani lina mbili na nusu.
Nusu iliyobaki nimeichora njiani,
punda wa mchanga wakapita juu yake,
ikafutika. Nikachora tena.

"Bi. Mwanakheri, nikisema haya,
utainuka bila kushika mikono ya kiti,
utakwenda hadi chaki, utageuka, utarudi, utaketi."
"Kisha?"
"Kisha basi."
"Kumbe kwenda na kurudi
siku hizi kuna karani wake."

Simu yangu ikaanza kuhesabu.
Aliinuka mara ya kwanza, kiti kikamrudisha.
Mara ya pili vidole vilitambaa polepole
vikashika mkono wa kiti
kama mtoto anayeiba sukari,
naye akanitazama aone kama nimeona.
Nimeona.
Sekunde kumi na tisa.

Nikampa kile chuma cha kubana.
"Bana, Bi., kama unakamua tui."
Mshale ukapanda hadi kumi na moja,
ukatetemeka, ukashuka.
Ni mkono huo uliotoboa kofia za arusi
za nusu ya mtaa huu, tundu kwa tundu, miaka arobaini.
"Chuma hiki kimeharibika," akasema.
Nikakibana mimi. Ishirini na sita.
Tukanyamaza wote wawili.

Fomu inauliza: umepungua uzito bila kukusudia?
"Hata kidogo."
Lakini pete ya fedha kidoleni
imezungushwa uzi mweusi kwa ndani
isije ikadondoka chooni.
Fomu haina mahali pa uzi.

Fomu inauliza: wiki iliyopita, siku ngapi
kila kitu kilikuwa mzigo?
"Mzigo upi? Ndoo ya maji,
au mwanangu wa Mombasa
kupiga simu Ijumaa kuniambia atapiga tena?"

Ngazi za chumba cha juu ni ishirini na mbili.
"Hupanda saba, hukaa nikaleta istighfari.
Saba tena, salawati.
Zilobaki huzipanda kwa hasira."
Twalib, mjukuu, anakula muhogo mlangoni.
Akasema bila kugeuka:
"Nyanya halali juu tangu Mfungo Sita."

Kuna swali ambalo sikupewa na wizara.
Nililiona nyuma ya mlango:
msala umekunjwa, umeota vumbi kwenye mkunjo.
Nikaweka kalamu chini.
"Tangu lini wasali kitini?"

Alinyoosha upindo wa leso yake, akaukunja, akaunyoosha.
"Tangu siku nilosujudu nisiweze kuinuka.
Nikakaa papo hapo
hata Twalib akarudi chuoni.
Akadhani nazidisha dua."

Mwisho wa karatasi kuna visanduku vitatu:
imara, anayeelekea, dhaifu.
Akaona kalamu yangu iliposimama.
Akainua kidole, akanisomea, papo kwa papo:

"Mguu una uzito,
hayaoni haya mato,
lakini mie si mto
wa kuwekwa kitandani."

Nilitia alama palipopasa kutiwa.
Kisanduku hicho ndicho kinachomleta
mtaalamu wa viungo kutoka hospitali,
na fimbo, na mtu wa kutengeneza kishikio cha ngazi.
Pembeni, pasipo na mstari,
nikaandika kwa mkono: si mto.

Nikamweleza zoezi: kuinuka kitini mara tano,
kila baada ya sala, Twalib asimame karibu.
Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa.
Kisha akaniachia kiti.
"Ndoo. Keti. Inuka wewe."

Nina miaka hamsini na minne, nina begi la serikali begani.
Nikakunja mikono kifuani, nikainuka.
Goti la kulia likalia kaa!
hata Twalib akageuka.

"Andika na hilo," akasema.