Kabla ya Utepe

Saa kumi na moja alfajiri nimeshika funguo mia na tisa,
hakuna hata moja iliyouzoea mkono.
Rangi inanuka. Zulia bado limevaa nailoni.
Saa za ukutani, zote thelathini, zinabishana.

Jina langu Ljubica. Wao husema Luba, nami nimekubali.
Ndimi mfagizi wa hapa, na kabla ya hapo
nilikuwa mvunaji wa hapa hapa:
palipo maabara palikuwa kabichi,
palipo maktaba palikuwa vitunguu,
na penye ofisi ya mkuu wa shule
tuliegesha trekta la mzee Tregear
likivuja mafuta msimu hadi msimu.
Wajenzi wakauchota udongo ule, wakaenda kuutupa.
Nasema tu, silalamiki.
Mgongo wangu haujawahi kuililia kabichi.

Huku magharibi ya Melbourne hakuna kilima cha kuukinga upepo.
Miti ya juzi imefungwa vigingi vitatu vitatu
kama wagonjwa wasioaminika.
Nyumba zilikuja mbio, mapaa ya kijivu, bega kwa bega,
zikafika kabla ya basi, kabla ya zahanati,
kabla ya kivuli.
Miaka sita watoto waliamka gizani
kupanda treni kwenda kusoma kwa wenyewe.
Bibi Harpreet alibisha kila mlango na karatasi yake ya sahihi.
Mimi nilitia mbili, Mungu anisamehe:
moja yangu, moja ya marehemu Goran,
aliyekuwa akisema, watajenga, we ngoja, watajenga.

Saa tatu. Jua la mwisho wa Januari halina salamu.
Watoto mia na arubaini na watatu, wa mwaka wa kwanza tu,
mbele ya jengo la elfu moja na mia tano:
punje chache ndani ya debe,
ukilitikisa utamsikia kila mmoja.
Mashati yana mikunjo ya dukani.
Wamejipanga kwa lugha, Kivietinamu huku, Kisamoa kule,
Kipunjabi kimewahi kivuli cha pekee, cha lori la umeme;
wasio na mtu wamesimama na simu zao.

Mheshimiwa amechelewa. Utepe wa buluu umekazwa mlangoni.
Hotuba ya kwanza.
Hotuba ya pili, ikiishukuru ya kwanza.
"Mustakabali" limetajwa mara kumi na moja;
nimehesabu, sina kazi nyingine mpaka wachafue.

Ndipo binti mmoja, soksi moja juu, moja chini,
akaanza kubadilisha miguu.
Naijua ngoma hiyo, nimelea watatu.
Akamtazama mwalimu. Mwalimu anapiga makofi.
Akatazama kulia. Kushoto.
Akainama, akapita chini ya utepe.

Haja haimngoji mheshimiwa.

Nikazunguka kwa mlango wa nyuma, nikamkuta koridoni
kapotea, maana milango yote ni pacha.
Choo, akasema, kwa sauti ya mtu anayezama.
Ufunguo huu, sio. Huu, sio. Huu nao, mama yangu, sio.
Huu!
Akaingia mbio.
Halafu nikayasikia maji yakishuka,
mabomba yakikohoa, yakitetemeka ukutani,
jengo zima likisafisha koo.

Alitoka mikono ikichuruzika, akaifuta kwenye sketi.
Waitwa nani?
Talalelei.
Nikalirudia vibaya. Akanirekebisha.
Nikalirudia. Bado.
Hakucheka, wala hakuniruhusu nilifupishe.
Tulisimama pale mpaka ulimi wangu ukatii,
naye akarudi zake kwenye jua, chini ya utepe tena.

Nje makofi, mkasi, kamera.
Wakaingia wakubwa, viatu vikilia,
mmoja akasema sakafu inang'aa kama kioo.
Hakuziona alama ndogo za maji
kutoka chooni mpaka mlangoni.
Nilikuwa na tambara mkononi.
Nikaziacha zikauke zenyewe.